Firigisi ya Faini

Juzi hapa Chapwa, kwenye foleni ya malori ya mpakani, mwanamke mmoja aliyeteremka na asali kutoka Ileje alifungua dumu lake mbele yangu, nikalazimika kuketi. Sikuwa mgonjwa. Ilikuwa harufu tu. Asali ile nyeusi ya milimani, yenye moshi kidogo ndani yake, wengine inawakumbusha chai au kikohozi. Mimi inanikumbusha kidonda cha punda, na nzi, na pumzi ya moto ya mnyama anayekuangalia kwa jicho moja akijiuliza kama nawe umekuja kumpiga.

Nyuma yangu vijana watatu wanaofunga maturubai ya malori walikuwa wameinamia simu moja. Huko nchi za watu mtu alikuwa amempiga farasi wake mpaka akaanguka barabarani, watu wakarekodi, na sasa hukumu ilikuwa imetoka.

"Faini tu?" mmoja akapiga kelele. "Oya, faini hiyo hata mimi ningelipa huku napiga mswaki."

"Wamfunge yeye kwenye mkokoteni," akasema mwenzake, "halafu farasi ashike fimbo."

Walikasirika kweli, siyo mchezo. Mwenye asali aliniuliza kama nataka nusu au lita nzima, nami nikawa nalitazama dumu lake tu. Nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye mteremko mwekundu kati ya Isongole na Ikinga, na nilikuwa na miaka kama tisa.

Nililelewa na Shangazi Tusekile, dada wa baba yangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyekuwa mkuu wa wapishi kitongojini kwetu. Msiba ukitokea, harusi ikija, au kesi ikisikilizwa kwa mwenyekiti, sufuria kubwa zilitoka nyumbani kwetu na mwiko mrefu ulikuwa mkononi mwake. Mimi aliniita Kiroboto, kwa sababu sikuwahi kutulia mahali. Niliuliza maswali mpaka watu wazima wakasingizia kazi. Chumvi inatoka wapi? Kwa nini wanawake hawali firigisi? Nani aliupaka mlima ule bluu? Shangazi alinijibu mawili, la tatu akanitupia ndizi nifunge mdomo.

Kama ulikulia milimani kama mimi, utakumbuka jinsi makosa madogo yalivyomalizwa. Mkosaji alileta jogoo au mbuzi uani kwa mwenyekiti, mnyama akapikwa siku hiyohiyo. Firigisi, au ini kama ni mbuzi, ilipikwa nzima ikawekwa juu ya nyama nyingine, na aliyekosewa alipewa ya kwanza. Aliila mbele za watu na kusema, "Nimepokea." Basi. Wengine wakatia mikono, na nyama ikiisha na kesi imekwisha, hakuna wa kuifufua tena. Lakini kama jua lilizama faini haijapokelewa, maana yake imekataliwa, na mwenyekiti alipaswa kuhukumu upya. Hilo la pili sikuwahi kuliona likitokea. Watu wetu hawakuwa wa kukataa nyama.

Punda alikuwa mmoja tu kwetu wakati huo. Wengi walitumia maksai, au mgongo wao wenyewe. Alikuwa wa Baba Lugano, mwanamume mrefu mkimya aliyepandisha mizigo ya watu kutoka soko la Isongole: unga, chumvi, mabati, saruji. Punda mwenyewe alikuwa jike, wa kijivu, mwenye mdomo mweupe na kichwa alichokiinamisha kila apitapo karibu na kanisa, kwa sababu hapo mteremko ulikuwa mkali. Watoto tulimwita Sista.

Jina hilo mimi ndiye niliyelianzisha, na nilikuwa na sababu. Siku moja tandiko lake la magunia lilipotolewa niliona mgongoni mwake mstari mweusi ukishuka kutoka shingoni hadi mkiani, na mwingine ukiukata mabegani. Msalaba. Msalaba kamili, kama ule wa kanisani. Sikuwahi kuona punda mwingine, kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua. Nilihitimisha kwamba amebatizwa, tena kwa heshima kubwa kuliko sisi tuliomwagiwa maji tu yakakauka. Sikumwuliza mtu. Ni moja ya mambo machache ambayo sikuyauliza, maana nilikuwa na uhakika nalo.

Basi ikaja siku ya mvua. Nilikuwa narudi kuteka maji nilipoona watu wamesimama mteremkoni chini ya kanisa. Sista alikuwa amelala kwenye tope, magunia matatu ya mahindi yamemkandamiza, miguu ya mbele imekunjika kama mtu anayesali. Baba Lugano alikuwa amelowa mpaka ndani. Alikuwa akipiga kwa mpini wa jembe. Alipiga mbavuni, akapiga shingoni, na pigo la tatu likatua jichoni.

Sauti aliyoitoa yule mnyama sitaielezea. Ninyi mnaojua mnajua.

Ndoo ikanianguka. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mwache! Mkristo huyo! Mnampiga Mkristo!"

Watu wakacheka. Hata katika hali ile wakacheka, na kicheko kikafa hapohapo midomoni, kila mmoja akatazama chini. Nadhani ndicho kilichowaamsha. Wanawake wawili wakaingia topeni wakaanza kukata kamba. Shangazi aliteremka mbio na mwiko wake, akasimama kati ya mpini na punda.

"Nipige mimi sasa," akasema. "Mimi ndiye mnene, utanipata kirahisi."

"Dada Tusekile, ondoka," akasema Baba Lugano. "Punda wangu, mzigo wangu. Mnalia nini?"

Walimwinua Sista kwa mikono, wakamwongoza mpaka nyuma ya jiko letu. Damu ilikuwa inashuka shavuni mwake polepole.

Kesho yake asubuhi kesi ikasikilizwa. Ua wa mwenyekiti ulijaa kuliko siku ya uchaguzi. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mpole, mwoga kidogo, aliyezoea kukubaliana na kila aliyesema mwisho. Akakohoa, akatangaza kwamba aliyeumiza mnyama wa mwenzake hutoa mbuzi. Aliyeumiza wa kwake hutoa jogoo.

"Jogoo?" akauliza Shangazi. "Jicho zima?"

"Mimi sikuitunga sheria hii, mama. Ndivyo nilivyoikuta. Hata mkienda mjini, mtu akimpiga mnyama wake wanamwonya, anarudi nyumbani kabla yenu."

Manung'uniko yakapita uani kama upepo kwenye mahindi. Lakini jogoo akaletwa, akachinjwa, na wanawake wakapika kama ilivyo desturi. Shangazi alipika kwa chumvi ya kutosha na kitunguu. Alisema hawezi kupika vibaya hata kwa hasira. Sufuria ikawekwa katikati, firigisi juu. Hapo ndipo ilipoonekana shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Aliyekosewa ni punda. Nani apewe firigisi?

Mwenyekiti akatazama huku na huku. Baba Lugano akasimama.

"Punda ni wangu," akasema taratibu. "Aliyepata hasara ya jicho ni mimi. Nipeni mimi, nile, niseme nimepokea, twende kazini."

Sijawahi kusikia kelele za namna ile. Bibi mmoja aliyekuwa haongei hata kanisani alitupa kiatu. "Apige yeye, alipe yeye, ale yeye!" watu wakapaza sauti. Mwenyekiti akainua mikono. Shangazi akaichukua sufuria ya watu wote akaifunika.

"Tumepika, tumemaliza kazi yetu," akasema. "Hailiwi hapa na mtu yeyote. Inakaa jikoni kwangu mpaka jua lizame. Likizama, mwenyekiti utatuhukumia upya."

Na kweli, hata wale wazee waliokuja kwa ajili ya mchuzi tu waliinuka wakaondoka na njaa yao. Nikikumbuka sasa, hilo ndilo tendo kubwa nililowahi kuliona kwa macho yangu, na nimeona mengi. Watu maskini wamekataa nyama kwa ajili ya punda.

Shangazi aliniweka jikoni nilinde sufuria dhidi ya mbwa. "Kiroboto, leo tulia," akaniambia. "Kipande kimoja kikitoka humo, Baba Lugano atasema imeliwa, na punda atarudi kwake kabla hajanywa maji. Umesikia?"

Nilisikia. Niliapa. Kupitia upenyo wa ukuta nilimwona Sista nyuma ya jiko, kichwa kimeinama, nzi wamejaa jichoni. Nilimpenda kweli. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ya nilichofanya.

Sikuwa nimekula tangu jana yake jioni, ni kweli, lakini si njaa iliyonishinda. Nilikuwa nimejiuliza siku nyingi: nyama ya faini ina ladha gani? Niliamini kosa la mtu linaingia kwenye nyama, kama chumvi inavyoingia. Nilidhani faini ya mwizi ina uchachu, na faini ya mtu katili lazima iwe chungu kama shubiri. Na firigisi sikuwahi kuionja maishani, ya faini wala ya sikukuu. Nilifunua mfuniko nione tu. Kisha ninuse tu. Kisha nilambe. Mtu anayenijua leo hatashangaa. Ndivyo nilivyopita mipaka yote niliyoipita baadaye, hatua ndogondogo, kila moja ikiwa ya kuangalia tu.

Haikuwa chungu. Ilikuwa tamu mno. Nilipoimeza ndipo nikaona shimo dogo kwenye mchuzi pale ilipokuwa, nikajua nimemuuza Sista.

Nilijaribu kupanga vipande vifunike pengo. Nilifikiria kukimbilia Malawi. Mpaka ulikuwa karibu na nilikuwa nauona ng'ambo ya mto. Lakini nani angefukuza nzi? Basi nikabaki, nikiwa nimekumbatia magoti, na jua likaenda polepole kuliko siku zote.

Kabla halijagusa mlima watu wakarudi. Sufuria ikapelekwa uani. Mwenyekiti akaifunua, na Baba Lugano aliyekuwa mrefu kuliko wote akaona kwanza.

"Firigisi haipo!" Akapiga makofi mara moja. "Jamani, imeliwa. Kesi imekwisha. Naenda kuchukua punda wangu."

Shangazi alinigeukia. Uso wake sitausahau. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshikwa mkono na mtu aliyemwamini, kisha akasukumwa.

"Kiroboto?"

"Ni mimi," nikasema.

Watoto wenzangu walikuwepo wote. Kwetu mtoto mwizi alipewa wimbo, na wimbo huo ulimfuata mpaka aolewe. Nikaona midomo yao ikianza kujiandaa.

Lakini Baba Lugano hakuniita mwizi. Akachuchumaa mbele yangu, uso wake sawa na wangu. Alinuka tumbaku na kamba mbichi. "Vizuri zaidi," akawaambia watu bila kuniondolea macho. "Huyu ndiye aliyelalamika wa kwanza kule mteremkoni, mlimsikia wote. Mlalamikaji amekula firigisi yake. Kuna kosa gani? Hakuna mwizi hapa." Kisha akanong'ona, kwa upole kabisa: "Sema tu nimepokea, mwanangu. Hakuna atakayekuimba. Jumamosi nitakuletea viatu kutoka Isongole. Vyekundu."

Sikuwa na viatu. Nilitazama vidole vyangu topeni, nikaviona viatu vile juu yake, vyekundu. Nilikuwa nimefunguliwa mlango. Kwa neno moja ningekuwa si mwizi, tena mwenye viatu. Nyuma ya jiko Sista akapiga chafya.

"Sikupokea," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ikabidi nirudie. "Sikupokea. Hakuna aliyenipa. Niliiba."

Baba Lugano akabaki amechuchumaa. Mwenyekiti akatazama jua, lililokuwa limebakiza ukingo tu. Akalitazama likizama lote, na watu wote wakalitazama naye. Halafu yule mtu mwoga akafanya jambo ambalo sijui alilitoa wapi. Akauweka mfuniko juu ya sufuria.

"Nyama iliyoibwa haijapokelewa," akasema. "Faini imekataliwa. Nahukumu upya. Punda atakaa kwa Mama Tusekile mpaka kidonda kikauke. Mwenyewe ataleta majani na maji kila jioni, kwa bega lake. Na mizigo ya Isongole ataibeba yeye." Akanigeukia. "Na wewe mwizi wa faini, utamtibu."

Hivyo ndivyo asali ilivyoingia maishani mwangu. Shangazi alinipa kibuyu na kitambaa, akanionyesha mara moja: maji ya vuguvugu yenye chumvi kwanza, kisha asali, nyembamba, bila kusugua. Kila asubuhi na kila jioni. Siku za mwanzo Sista alinisukuma, siku moja akanikanyaga, nikalia. Shangazi akaniuliza kwani mimi nilitegemea aniimbie. Jicho halikurudi. Lakini usaha ulikauka, vidonda vya mgongoni vikafunga, na katikati ya makovu manyoya mapya yakaota, meusi, palepale kwenye msalaba.

Na Baba Lugano alipanda mteremko ule na gunia mgongoni. Mara ya kwanza watoto tulimfuata tukiita, "Punda mpya! Punda mpya!" Shangazi akatutawanya kwa mwiko. "Atakayemcheka, namtwika lake." Nilimwona akianguka pale chini ya kanisa, mahali palepale. Alikaa kwenye tope muda mrefu akipumua. Hakuna aliyempiga. Watu wawili walikwenda wakamsaidia kuinua gunia.

Jioni moja alileta majani, akasogea upande ambao Sista haoni. Punda akashtuka, akarusha teke.

"Ongea kwanza," nikamwambia. "Upande huo hakuoni."

"Niongee na punda?"

"Ee."

"Niseme nini?"

"Mwambie umekuja."

Akasimama na majani yake mabegani, mwanamume mzima, akatazama kama kuna mtu njiani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista. Nimekuja." Yule punda akazungusha kichwa chake polepole mpaka jicho lake zima likampata. Baba Lugano akaanza kulia, nami nikajifanya naosha kitambaa.

Sista alipopona nilienda naye mara ya kwanza mpaka Isongole, mimi nikiwa nimeshika kamba, Baba Lugano nyuma na gunia moja mgongoni, Sista na mawili. Sokoni palikuwa na punda watano. Wote walikuwa na msalaba mgongoni. Nilisimama nimeduwaa, nikasononeka kidogo, kisha nikafikia uamuzi mwingine: kumbe wote wamebatizwa. Hadi leo sijapata sababu ya kuubadilisha. Niliona pia njia inayovuka kwenda Malawi, na nyingine inayokwenda kwa malori, na baada ya hapo darasa halikunishika tena. Walimu walisema punda amenipotezea shule. Yawezekana. Nimefika mbali kwa miguu hii, nimeuza vitenge Nakonde, nimepikia madereva, nimelala nchi nne, na mahali pote nikimwendea mtu aliyeumizwa huwa naongea kwanza.

Pale Chapwa niliwageukia wale vijana wa simu. "Farasi mwenyewe yuko wapi sasa?" nikauliza. "Anatibiwa na nani?"

Wakatazamana. Mmoja akaipandisha picha juu, akaishusha. "Haijaandikwa, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. Nikanunua lita nzima.

Kuhusu ule wizi, Shangazi hakuwahi kuuzungumzia. Lakini kuku wa kwanza aliyechinjwa nyumbani baada ya kesi, nilikuta firigisi kwenye sahani yangu. Nikamtazama, akawa anakoroga mboga. Kuku wa pili vivyo hivyo. Wajomba walilalamika kwamba firigisi si ya mtoto, tena wa kike. Akawajibu kwamba huyu ameshailipia.

Alipofariki nilikuwa mbali, nikafika siku ya tatu ya msiba nikiwa na vumbi la njia mbili. Sufuria zake zilikuwa mekoni, mwiko wake ulikuwa mkononi mwa mwingine. Sikutaka kula. Nilikaa nyuma ya jiko, pale Sista alipokuwa akifungwa, ndipo akaja yule bibi aliyewahi kutupa kiatu, sasa akitembea kwa fimbo. Hakusema pole. Aliniwekea kiganjani kitu cha moto kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akasubiri mpaka nikifungue.

"Alituachia maagizo," akasema.

Nikaila palepale, mbele yake, nikasema, "Nimepokea."